Mkojo Umetoka Tororo

Busia, Kenya
24 Februari 2025

Mdogo wangu Emuron,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Justine na tumbo lake. Huku tu wazima, ila Baba; kifua hakimwachii.

Nimesikia masharti ya dhamana yako, damu ikanichemka. Kila Jumatatu ukojoe kikombeni mbele ya askari? Umeshtakiwa kuiba pikipiki ya Ofumbi, si kuvuta bangi! Eti huna hatia mpaka ithibitishwe, lakini kibofu chako kimeshahukumiwa. Wakubwa wanaovusha magendo kwa malori, nani amewaambia wafungue zipu? Kataa!

Dada yako,
Alupo

Tororo
5 Machi 2025

Dada,

Salamu zako zimefika kwa mkono wa Kevo wa boda. Simu yangu polisi bado wameishika. Mpe Baba pole.

Nikikataa, atakayelala ndani ni mimi, si wewe na maneno yako matamu. Nakojoa tu. Askari huangalia ukuta, ana aibu kunishinda. Kila mara natoka safi. Justine atajifungua Mei, na kwetu ni mbali na hospitali. Nataka kuwepo.

Mdogo wako,
Emuron

Gereza la mahabusu, Tororo
26 Machi 2025

Dada,

Pole tena kwa Baba. Tulimzika vizuri.

Hakimu aliniruhusu kuvuka kuja kuzika, hilo unalijua. Unajua pia kwamba mtoto wa kiume hasinzii mbele ya maiti ya baba yake. Ulinipa fungu la mairungi, ninyi mnaita miraa, ukasema, "Tafuna, hapa ni Kenya, yanauzwa kama nyanya." Nikaona ni kweli. Uganda yamekatazwa, kwenu hapana.

Jumatatu kipimo kikayaona. Mbele ya hakimu nikasema, "Mheshimiwa, nilitafuna Kenya." Watu wakacheka. Akajibu, "Mkojo umetoka Tororo." Dhamana ikafutwa.

Sikulaumu. Mwangalie Justine.

Mdogo wako,
Emuron

Busia, Kenya
4 Mei 2025

Emuron wangu,

Hujambo? Unakula? Barua zangu tatu hujajibu.

Nimemwandikia hakimu mkuu, askofu, magazeti. Mtu hafungwi kwa jani alilotafuna halali akimlilia baba yake! Langoni mwa gereza nilipiga kelele mpaka wakanifukuza. Justine nilimkuta amevimba miguu. Nikamwambia aje kwangu. Akasema atakungoja wewe. Niandikie hata neno moja.

Dada yako,
Alupo

Tororo
29 Mei 2025

Dada,

Natumaini u mzima.

Nimetoka. Pikipiki ilipatikana kwa shemeji wa Ofumbi, kesi ikafutwa. Hakuna aliyesema pole.

Uchungu ulimshika Justine akiwa peke yake. Alitembea kutafuta mtu wa kumbeba, akajifungulia njiani. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Majirani walimzika kabla sijafika.

Barua zako zote nimezisoma. Uliyoyasema juu ya haki ni kweli, yote.

Lakini usije kwanza. Justine bado anatokwa na maziwa.

Mdogo wako,
Emuron