Kopa ya Tano

Bunia, Jumanne, 2003

Kumbe kupandisha dau kabla karata hazijatimia ni uongo nusu tu. Tangu risasi zitufungie ndani, mume wangu Désiré ananifundisha poka, mchezo wa karata aliojifunza kule mjini Aru, kwa madereva wenzake. "Ukikosa karata moja, usinyamaze, pandisha dau. Mwenzako akiogopa, umeshinda. Asipoogopa, karata inaweza kuja bado."

Leo nilicheza na mama yake. Tulipatana kwamba atakayeshindwa ataenda kuteka maji, na huko chemchemini kunatisha. Nilikuwa na kopa nne. Ya tano, zote za alama moja, ingenipa ushindi. Nikapandisha dau: bido mbili za maji, madumu mawili kamili.

Mama mukwe akanitazama. "Weye unadanganya, mwanangu. Nakufuata kwa dau hilo."

Nikavuta karata moja. Kopa.

Risasi zilipotulia, mama mukwe akainuka polepole kutafuta viatu vyake. Sasa nani hapa Bunia anaweza kumtuma mama mukwe maji?

Nilibeba bido zote mbili mimi, nikiogopa kila kichaka. Yeye alitangulia mikono mitupu, akimwambia kila jirani kwa fahari, "Huyu mukwe wangu iko na akili. Leo amenishinda."