Nafsi ya Kwanza, Wingi

Peoria, Arizona
9 Machi

Mdogo wangu Merle,

Nimefika salama kutazama mechi za besiboli za mazoezi ya kabla ya msimu. Jua ni kali, na karanga za mwaka huu zina chumvi nyingi mno. Mrushaji wetu ameumia kiwiko, na mashabiki wawili nyuma yangu wamebishana asubuhi nzima.

“Nahodha gani huyu, anacheka huku mwenzake kaumia?”

“Si uhamie timu nyingine! Nani kakushika?”

“Nihamie wapi? Tumefungwa pamoja miaka thelathini!”

Zamani ningemsahihisha, kama nilivyokusahihisha wewe mbele ya watu: asiyecheza hasemi “tumefungwa”, husema “wamefungwa”. Uliniambia, “Basi kaa na sarufi yako, kaka,” ukahamia timu ya huko unakoishi. Huu ni mwaka wa tatu hujaja.

Bado nanunua tiketi mbili. Leo mwanamke mmoja alionyesha kiti cha pili akauliza, “Mzee, hapa pana mtu?”

Nikajibu, “Ndiyo. Tuko wawili.”

Sentensi hiyo ina kosa, Merle. Njoo uisahihishe.

Kaka yako,
Thurman