Perege wa Matanga ya Mama

Mwaka mmoja umetimia, Mama yetu Yudith Mbwambo, tangu ulipotuacha hapa Mamba. Shikamoo, Mama. Tunaona aibu hata kukuamkia.

Tunakumbuka chai yako. Hakuna aliyepita mlangoni pako asipewe kikombe chenye tangawizi ya shambani kwako. Tunakumbuka ulivyoshuka ziwani na beseni lako kununua samaki, ukamkuta mvuvi na perege mchanga, ukasimama hapo hapo mpaka amrudishe majini. Ulisema ziwa ni nyumba ya wengi: perege, kambale, hata vile visamaki vya mistari asivyokula mtu. Ukimfukuza mmoja, wengine nao watahama.

Perege hulea watoto kwenye matete, akiwaficha mdomoni, na matete hayo uliyalinda wewe na jirani yako Mzee Filemoni. Msimu wa kuzaliana hukununua hata mkia. Mchungaji alipokutembelea alikula maharage, na akashukuru.

Ukafariki katika msimu huo huo.

Waombolezaji walifurika. Watani wetu waliopanda kutoka Same wakaanza: "Kwa Wapare hawa, leo si tutashindia makande matupu!" Tukaogopa kuitwa wabahili, sisi watoto wako wewe ambaye hukumnyima mtu. Evance, kifungua mimba wako, akashuka na kokoro, wavu ule unaozoa wakubwa kwa wadogo, akalivuta kwenye matete yako.

Jikoni Doris alimfungua perege mdomo. Vifaranga wakamwagikia kwenye beseni, wengine bado wakitapatapa.

"Kaka, huyu ni mama. Ana watoto mdomoni."

"Kaanga tu, dada. Watu wana njaa."

Tukakaanga. Tukala, na watani wakatusifu. Mzee Filemoni aliifunika sahani yake, akaomba maji ya kunywa, akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo wavuvi wanarudi na beseni nusu. Evance amelikatakata lile kokoro, na sasa analinda matete pamoja na Mzee Filemoni, ambaye humjibu "marahaba" na basi. Hatumlaumu mzee.

Jumamosi tutakusanyika kaburini kwako. Chakula ni makande. Watani waje na maneno yao, tumeyazoea.

Unakumbukwa na mumeo Zephania, wanao Evance, Doris na Tumainieli, wakwe zako na wajukuu wote. Tutakukumbuka daima, Mama, na safari hii hata mbele ya wageni.