Kiti cha Mvumbuzi

Shangazi Mbodze, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Frere Town, kwenye nyumba ya Mzungu mvumbuzi wa zamani, inayohifadhiwa pamoja na vyombo vyake. Mkubwa wangu ameapa: mtu akikalia kiti cha marehemu, mimi karani sina kazi.

Leo bibi mmoja mzee alipiga hodi, nami kwa mazoea nikajibu, "Karibu, bibi, keti." Akaketi papo hapo, kwenye kiti cha marehemu. Kiti kikatoa mlio kama paka. Ningemwinuaje mgeni niliyemkaribisha mwenyewe?

Mara mkubwa akaingia.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, baba. Mbona wasimama kama askari? Keti!"

Akatazama huku na huku, kisha akaketi taratibu kitandani kwa mvumbuzi.

Kazi bado ninayo. Upone kifua upesi, shangazi wangu, nakukumbuka sana.

Mwanao, Charo