Mandazi Juu ya Paa

Ndugu wananchi wa Kibera na Kawangware, kwa heshima na taadhima nawatangazia kwamba leo mkazi mmoja wa mtaa wa Olympic, mwenye kitambi na miwani iliyofungwa uzi, ameikosoa kompyuta. Sherehe ni kwangu, kwa chai ya rangi.

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, lakini moyo wangu mweupe.

Kwa wasioijua kazi yangu: kliniki yetu ya Kawangware huwalaza wazee wakiwa na nyaya kichwani na kidevuni. Kukicha, kompyuta huukata usiku wao vipande vya nusu dakika na kukipa kila kimoja jina: yuko macho, usingizi mwepesi, usingizi mzito, ndoto. Mimi hukagua na kutia sahihi. Mke wangu husema nalipwa kutazama watu wakilala, na yeye hunitazama mimi kanisani kila Jumapili bure.

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Wekesa wa Kongo, si nchi bali mtaa wa hapa Kawangware. Jina si lake, na ameniruhusu nisimulie. Alikuwa soja wa usiku, mlinzi wa mageti ya watu, miaka mingi, na anaapa kwamba tangu astaafu hajalala. Daktari alikuwa tayari kumwandikia vidonge vya usingizi, anangoja karatasi yangu tu. Vidonge hivyo, kwa mzee wa magoti mabovu na choo cha nje, ni kumtafutia kuanguka.

Kompyuta ikasema: macho, karibu usiku mzima.

Mimi nikaona kidevu kimelegea na mboni zinacheza, kama za mtu anayeota. Mawimbi ya ubongo wa wazee huwa madogo. Mashine yetu hubabaika. Nikafuta, nikaandika usingizi mwepesi, na alfajiri ndoto ndefu.

Shujaa, sivyo?

Haya, niseme ukweli.

Niliikubali kompyuta. Nilitia sahihi bila kutazama hata kidevu kimoja, kwa sababu omena yangu, dagaa wa chakula cha mchana, ilikuwa inapoa. Nilikuwa njiani kwa daktari nilipompita Mzee kwenye benchi, akibandua gundi nywelini.

"Kijana," akaniita. (Nina miaka hamsini na mbili.) "Si nilikuambia? Sijalala hata lepe. Nimekesha nikimwangalia marehemu mama watoto akikaanga mandazi juu ya paa."

"Juu ya paa, Mzee?"

"Paa la jirani. Letu linavuja."

Nilirudi mbio kwenye kompyuta, kitambi kikitangulia. Ndipo nilipokiona kidevu kimelegea, nikaandika karatasi upya.

Daktari aliposoma karatasi mpya alifunga kalamu, akasema vidonge havihitajiki. Mzee alikasirika. Soja kuambiwa alilala! Kisha akasugua magoti.

"Kwa hivyo ni usingizini anakuja?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wekeni dawa zenu. Zisije zikamfukuza."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaniambia niende zangu nikale, naonekana nina njaa, na kwa mwili huu hilo si jambo la kuchezea.

Omena ilikuwa baridi kama mawe. Niliimaliza yote.

Kesho, kabla sijaiwasha mashine, nitamuuliza mtu kwanza usiku wake aliona nini.