Maktaba ya Picha za Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeharibu. Kompyuta ya marehemu kaka, niliyoachiwa na wifi nimtunzie wakati anahama nyumba, haifungui picha hata moja! Picha elfu sita. Mwanawe alizaliwa baba yake ana miezi miwili kaburini. Sura ya baba anaijulia humo tu. Na Jumamosi wanaifuata.

Kosa ni langu na ukarani wangu. Miaka ishirini na sita masjala, sijaona majalada yamevurugika nikanyamaza. Nikaingia ndani kabisa ya ile maktaba ya picha, nikakuta majina ya namba na herufi — fujo tupu! Nikapanga upya, mwaka kwa mwaka. Nilizodhani zimejirudia nikatupa. Na kapu la taka nikalimwaga. Nikajisifu, nikanywa chai.

Kimbelembele changu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeipeleka kwa fundi, yule wanayemwita Miwani. Kaniuliza nimeifanya nini. Nikasema imejiharibikia yenyewe. Akanitazama juu ya miwani, akasema: mama, ukimdanganya fundi umejidanganya mwenyewe. Nikatapika yote. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini! Ati programu inakumbuka kila picha ilipokaa; mimi nimehamisha vitanda vya wodi nzima, halafu namtaka nesi agawe dawa gizani.

Na nilizozitupa? Huenda bado zimo kwenye diski, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Akauliza kama nimeiwasha tena baada ya kufuta. Mara kumi na moja, nikamwambia. Akaacha kucheka.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kapiga simu. Nikamwambia kompyuta haijambo. Haijambo! Mtoto nyuma anapiga kelele: shangazi, usisahau ile ya baba na baiskeli! Nikasingizia sufuria iko motoni, nikakata.

Alhamisi, 6 Machi

Bado. Mashine imefika asilimia arobaini, anasema Miwani. Nimempigia mara tatu. Ya nne hakupokea.

Ijumaa, 7 Machi

ZIMERUDI! Mungu mkubwa! Nimelia palepale kibandani mbele ya wateja, wala sikuona haya. Kaka na baiskeli. Kaka amelala mdomo wazi. Kaka na shati lile baya la maua. Zote, na kumi na tisa za ziada. Za ziada zimetoka wapi? Miwani anasema mashine haichagui; imefukua hata zilizofutwa zamani.

Nimefika nyumbani nikafungua mbili kati ya hizo, nikafunga. Hospitali. Kaka amekonda, mashavu yameingia ndani. Hizo bila shaka wifi alizifuta mwenyewe, mtoto asije akaziona. Sasa nifanyeje? Masjala hatuharibu jalada bila saini ya mwenyewe. Nimezitenga peke yake. Sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika saa nne. Nimekiri yote mlangoni, hata viti sijawakaribisha. Wifi akashika kiuno: wewe wifi yangu, hata mbinguni utawapanga malaika kwa alfabeti! Nikapumua kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikamwambia na za hospitali. Akasema alizifuta wiki ya mazishi, kwa hasira tu, na akajuta kabla wiki haijaisha. Miaka mitano anazijutia. Akambeba mtoto, akaomba niwaache kidogo na zile picha.

Naandikia jikoni. Mlango wameurudishia tu, nasikia kila kitu. Mtoto anauliza mbona baba kalala na mchana. Wifi anamjibu taratibu, baba alikuwa mgonjwa. Sauti haitetemeki.

— Mbona sasa anacheka?

— Kwa sababu ulimpiga teke. Huoni mkono wake uko wapi? Hilo ni tumbo langu. Nesi ndiye aliyetupiga picha.

— Kwa hiyo na mimi nimo?

— Umo.

— Mimi na baba?

Miguu midogo inakuja mbio huku jikoni — shangazi! shangazi! —