Macho ya Twiga

Pumwani, 4 Machi 2025

Kwako Wanza binti yangu,

Pokea salamu, wewe na wanafunzi wako huko Kitui. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Magoti yana mambo yao.

Wamenipokonya macho. Usitupe barua, bado naona. Unajua hapa bandani wengine huchonga twiga wa mbao, wengine hupiga msasa, lakini macho huchomwa mwisho, kwa msumari wa moto, na mtu mmoja tu. Miaka arobaini mtu huyo ni mimi. Jana Luseno, katibu wa chama chetu cha wachongaji, akaniambia, "Mzee, mikono imechoka. Wewe kaa kwenye kiti upumzike." Msumari akampa Vivian, kasichana ka miaka ishirini na miwili, simu haitoki usoni. Anachungulia simu, anachoma. Anachungulia tena, anachoma. Nami nimekaa kwenye hicho kiti namwangalia, wivu unaniwasha kama upupu. Nikamwuliza kama twiga wake watakuwa wanapiga picha. Akacheka. Na meno mazuri pia anayo, yule.

Ni mimi baba yako,
Mbaluka

Kitui, 12 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Presha je, unameza dawa au unazificha tena chini ya godoro? Sisi huku hatujambo.

Luseno amesema ukweli. Una miaka sabini na minne, baba. Mkono wa kijana hautetemeki. Nimekutayarishia chumba karibu na choo, usiwe unatembea sana. Nimekutumia fimbo ya kutembelea kwa basi. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Hapo bandani huna kazi tena.

Mwanao,
Wanza

Pumwani, 20 Machi

Wanza, wewe uliyepewa jina la mama yangu ukachukua na ukali wake,

Salamu kwako na kwa hicho choo. Fimbo ilifika. Sijaigusa.

Sikia nilichofanya. Jana mchana Vivian alipoenda kula, nilichukua twiga mmoja nikamchoma macho, nikamsimamisha kando ya wake. Kila twiga hufungwa karatasi ya jina mguuni. Nikabadilisha karatasi. Luseno akaja, akamwinua wangu, mwenye jina la Vivian. "Unaona, mzee? Huu ndio mkono wa kijana." Nikauma ulimi nisicheke.

Vivian akarudi, akawaangalia wote wawili. "Karatasi zimekosewa," akasema. "Huyu ni wa mzee. Twiga wa mzee huangalia chini kidogo, kama kuna mtoto hapo miguuni. Wangu bado wanaangalia ukuta."

Luseno akabisha. Msichana akamfungulia simu. Wanza, ilijaa macho yangu. Twiga, simba, hata yule kiboko kengeza wa mwaka juzi. Hayo ndiyo aliyokuwa akichungulia siku zote, na mimi nikidhani anatazama wavulana.

Nimerudishiwa msumari. Tumegawana: mimi jicho la kulia, yeye la kushoto. Wivu haujaisha. Kuna siku la kushoto linanishinda.

Baba yako asiyekuja Kitui,
Mbaluka

Kitui, 27 Machi

Baba,

Natumai u mzima. Mimi si mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokuomba huo msumari. Ulisema macho si kazi ya watoto. Nikangoja nikue. Nilipokua nikakuomba tena, ukasema mkono wangu umeshazoea chaki, nimechelewa. Leo nasoma kwamba jicho la kushoto ni la Vivian. Barua yako nimeikunja na kuikunjua hadi imechanika katikati. Namwonea wivu msichana ambaye sijawahi hata kumwona.

Labda ndiyo maana ilinifurahisha kukuambia umezeeka.

Mwanao,
Wanza

Pumwani, 29 Machi

Mama yangu Wanza,

Leo sikuulizi hali, umeshaniambia.

Nilikuwa nikimcheka Luseno na kiti chake, kumbe kiti nilikitengeneza mimi, nikakukalisha wewe kwanza.

Njoo kama ulivyosema, ila usije na mfuko wa kubebea nguo zangu. Kuna twiga mmoja hapa hana macho, la kulia wala la kushoto. Nimemkataza Vivian kumgusa, na mimi nimejikataza, ambayo ni kazi ngumu zaidi.

Ile fimbo nimeikata vipande vinne. Ni mti mkavu, mzuri. Moto wake utapasha msumari wako vizuri.

Baba yako